Maziwa Hayatoshi: Kwa Nini Baadhi ya Akina Mama wa Likasi Huacha Kunyonyesha Mapema

Kunyonyesha huachwa kwa namna mbili, na anayezichanganya hawezi kuielewa hali ya Likasi, mji wa jimbo la Haut-Katanga nchini Kongo. Namna ya kwanza ni kumwachisha mtoto ziwa moja kwa moja kabla ya wakati wake. Namna ya pili ni kuendelea kumnyonyesha huku akianza kupewa maji, uji au maziwa ya kopo kabla hajatimiza miezi sita. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, asipewe kitu kingine chochote, hata maji, kwa miezi sita, kisha aendelee kunyonya pamoja na kula hadi afikishe miaka miwili au zaidi.

Kwa namna ya kwanza, Kongo haina tatizo kubwa. Likasi, kama ilivyo kwingi Haut-Katanga, mama aliyekataa kabisa kumpa mwanawe ziwa ni mtu wa kuulizwa maswali na ukoo mzima, na watoto walio wengi nchini hunyonya hadi kukaribia miaka miwili. Kinachokatika mapema ni kule kunyonya bila kuchanganya. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007 ulikuta asilimia 36 tu ya watoto walio chini ya miezi sita ndio waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama peke yake. Ule wa 2013–2014 ulikuta asilimia 48, na ule wa 2017–2018 ukapita nusu kidogo. Maendeleo yapo, ila hesabu hiyo inahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa sababu humo wamo pia watoto wa wiki moja na wa mwezi mmoja, ambao bado hawajafikia majaribu. Wanaoufikia mwezi wa sita bila kuonja kitu kingine ni wachache kuliko asilimia hizo zinavyoonyesha.

Mama akiulizwa kwa nini alimwanzishia mtoto uji akiwa na miezi miwili, jibu linalotangulia mengine yote, Likasi na hata Dar es Salaam, ni kwamba maziwa hayatoshi. Jibu hilo halistahili kudharauliwa, wala halistahili kukubaliwa lilivyo. Mama hasemi uongo, ila dalili anazozisoma mara nyingi zina maana nyingine.

Katika siku mbili tatu za kwanza ziwa hutoa dang'a, maziwa mazito ya manjano yenye kinga nyingi, na huyatoa kwa vijiko vichache tu kwa kutwa. Ndicho kiasi ambacho tumbo la mtoto wa siku moja linaweza kubeba. Maziwa mengi hushuka siku ya tatu au ya nne, na kwa mzazi wa mara ya kwanza au aliyejifungua kwa upasuaji yanaweza kuchelewa zaidi. Mama akikamua aone matone, na mtoto huku analia, nyumba nzima inahukumu kwamba hana kitu. Maji ya sukari yanaletwa siku hiyohiyo.

Akivuka hapo, mtego wa pili unamngoja kwenye wiki ya sita. Mwanzoni mwili hutengeneza maziwa kwa kubahatisha, ndiyo maana ziwa hujaa, huuma na kuvuja hadi nguo inalowa. Baadaye mwili hujifunza kiasi ambacho mtoto anakihitaji, na ziwa hulainika, halivuji tena. Kwa mama ambaye hakuna aliyemwambia, ziwa laini ni ziwa lililokauka. Na kwa bahati mbaya, wiki hiyohiyo ndiyo ambayo watoto wengi hulia kuliko wakati mwingine wowote, hasa jioni, wakiwa wazima na wameshiba. Kilio na ulaini wa ziwa vinakuja pamoja, na mtu yeyote mwenye akili timamu angevifunga katika sababu moja.

Ziwa si mtungi unaojazwa na kumalizika. Kila mtoto anaponyonya, ubongo wa mama huachilia homoni mbili: prolaktini inayotengeneza maziwa, na oksitosini inayoyasukuma yatoke. Prolaktini hupanda zaidi usiku, kwa hiyo kumnyima mtoto ziwa la usiku ni kupunguza maziwa ya kesho. Tena maziwa yanayobaki ndani ya ziwa bila kunyonywa hupeleka ishara ya kupunguza kazi. Mtoto akipewa uji saa nne asubuhi hushiba, hulala, hanyonyi hadi alasiri. Ziwa linakaa limejaa, na mwili unaelewa kwamba mahitaji yamepungua. Baada ya wiki mbili za namna hiyo maziwa yanapungua kweli, na yule aliyeshauri uji anaonekana alikuwa na haki tangu mwanzo.

Wapo, bila shaka, wanawake ambao maziwa yao hayatoshi kweli. Aliyevuja damu nyingi sana wakati wa kujifungua, aliyebakiwa na kipande cha kondo tumboni, mwenye ugonjwa wa tezi la shingo, hao wanahitaji daktari na wala si mawaidha. Ni wachache. Kuhusu chakula, msemo wa mitaani kwamba mama asiyekula hana maziwa una ukweli nusu. Mama anayekula bukari (ugali) na sombe (kisamvu) mara moja kwa siku bado hutoa maziwa ya kumtosha mtoto. Mwili huchukua akiba yake mwenyewe, na anayedhoofika kwanza ni yeye. Lakini mwanamke mwenye njaa na uchovu hana subira ya kukaa na mtoto kifuani usiku kucha, na hapo ndipo njaa inapoingia katika hesabu.

Kuna kipimo rahisi cha kujua kama mtoto anapata. Anayekojoa mara sita au zaidi kwa siku baada ya wiki ya kwanza, na ambaye uzito aliopoteza siku za mwanzo umerudi kufikia wiki ya pili, anapata. Kilio si kipimo. Ubaya ni kwamba kipimo hicho kinahitaji mtu wa kukisoma pamoja na mama, na wiki zinazohitajika ni zilezile ambazo mara nyingi hakuna anayemwona. Mzazi aliyejifungua salama hutoka maternite, yaani wodi ya wazazi, baada ya siku moja au mbili. Chanjo ya kifua kikuu hutolewa karibu na kuzaliwa. Zinazofuata huanza wiki ya sita, na hapo ndipo wengi huanza kwenda kwenye kilo, kama akina mama wenyewe wanavyoiita siku ya kupima watoto kituoni. Katikati pana wiki tano hivi ambazo mama yuko nyumbani na mtoto anayelia, na washauri wake ni mama mkwe, shangazi na jirani.

Katika wiki hizo yapo pia maumivu, ambayo hotuba nyingi za afya huyapita haraka. Chuchu zilizopasuka huuma kiasi cha mwanamke kukunja vidole vya miguu kila mtoto anaposhika. Sababu yake kubwa ni mkao. Mtoto aliyewekwa vizuri tumbo lake hugusana na tumbo la mama, mdomo wake hufunguka wazi kama anapiga miayo, na huingiza sehemu kubwa ya eneo jeusi linaloizunguka chuchu, kidevu kikizama kwenye ziwa. Aliyewekwa vibaya huning'inia kwenye ncha ya chuchu tu, anaitafuna, maziwa hayatoki vizuri, anabaki na njaa, na mama anabaki na kidonda. Mkunga mwenye robo saa anaweza kurekebisha hilo siku ya pili. Lisiporekebishwa, ziwa hujaa, huwa gumu, mama hupata homa, na wakati mwingine hutunga jipu. Mwanamke aliyefikia hapo akiacha kunyonyesha upande mmoja, kisha wa pili, hana kosa la kulaumiwa.

Watafiti waliowafuatilia akina mama wa Kinshasa, na kuchapisha matokeo mwaka 2015, waliona jambo hilohilo: walioacha kunyonyesha bila kuchanganya kabla ya miezi sita walikuwa zaidi wale waliopata matatizo ya kunyonyesha katika wiki ya kwanza, wale wasiojiamini kwamba wataweza, na wale wenye maarifa machache kuhusu kunyonyesha.

Maji ni sura nyingine. Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, jua la Likasi hukausha koo la kila mtu, na bibi anayemwona mjukuu akilia hawezi kuamini kwamba hana kiu. Ukweli ni kwamba karibu sehemu tisa kati ya kumi za maziwa ya mama ni maji. Mtoto mwenye kiu hunyonya mara nyingi zaidi, kwa vipindi vifupi, na anapata maji hayo bila vijidudu vya maji machafu. Zaidi ya maji, mtoto hupewa dawa za mitishamba, kwa mdomo au kwa njia ya haja kubwa, za kusafisha tumbo au kuzuia magonjwa ya utotoni. Kumkemea bibi hakusaidii kitu. Yeye ndiye aliyelea watoto kabla kituo cha afya hakijajengwa, na mama wa miaka 19 anayeishi chini ya paa lake hana nguvu ya kumpinga kwa sababu ya karatasi aliyopewa kliniki. Programu zinazomwalika mama peke yake na kumwacha bibi nyumbani zinamfundisha mtu asiye na kauli.

Kazi nayo imebadilika, na hapa Likasi ina historia yake. Mji huu, ulioitwa Jadotville hadi 1966, ulijengwa juu ya shaba na Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ambayo Gécamines ilirithi migodi na viwanda vyake. Katika kambi za wafanyakazi za Panda na Shituru mume alikuwa na mshahara na posho ya chakula, na mke alitarajiwa kukaa nyumbani. Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994 haikufikisha tani 50,000. Mishahara ikakatika kwa miezi, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni hiyo katika jimbo zima la Katanga la wakati huo waliondolewa kwa malipo yaliyofadhiliwa na Benki ya Dunia. Mzigo wa sufuria ukahamia kwa wanawake: soko, makaa, mashamba ya mahindi nje ya mji, na kuosha madini yanayochimbwa kwa mikono katika machimbo kama Kamatanda.

Kwa mwanamke aliyeajiriwa, Kanuni ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inampa likizo ya uzazi ya wiki 14, zisizozidi 8 kati ya hizo zikiwa baada ya kujifungua, kwa theluthi mbili za mshahara. Akirudi kazini ana haki ya mapumziko mawili ya nusu saa kila siku ya kunyonyesha, yanayohesabiwa kama muda wa kazi. Sheria hiyohiyo basi inamrudisha kazini mtoto akiwa na miezi miwili, wakati wizara ya afya inamwambia anyonyeshe bila kuchanganya hadi mwezi wa sita. Nusu saa inamfaa mwalimu anayeishi mtaa wa pili kutoka shuleni. Anayevuka mji kutoka Kikula hadi Shituru kwa miguu au kwa pikipiki ataitumia njiani. Njia inayobaki ni kukamua maziwa kabla ya kuondoka, kuyaacha katika chombo safi chenye kifuniko, mtoto anyweshwe kwa kikombe. Yanakaa salama kwa saa nne hivi mahali pasipo na joto kali. Wenye kuifahamu njia hii ni wachache, na kwa wengine maziwa yaliyokamuliwa ni kitu cha kutiliwa shaka.

Muuza samaki wakavu na muosha madini hawana mwajiri wa kumdai hata hiyo nusu saa. Wa sokoni ana nafuu moja: mtoto yuko mgongoni, na akilia anageuzwa mbele. Anayesimama ndani ya maji akichuja mawe hawezi kufanya hivyo kwa urahisi, mikono imejaa tope la madini na malipo ni kwa kiasi cha kazi. Mtoto anaachiwa dada yake wa miaka minane, pamoja na kikombe cha uji mwepesi. Madini yenyewe nayo huzua hofu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulipima mikojo ya wakazi wa ukanda wa migodi wa Katanga na kukuta viwango vya juu sana vya kobalti, hasa kwa watoto. Baadhi ya akina mama wamehitimisha kwamba maziwa yao yana sumu na kopo ni salama zaidi. Hitimisho hilo halisimami, maana maziwa ya unga huchanganywa kwa maji ya mahali hapohapo, na vumbi ni lile lile.

Ujauzito mpya unakatisha kunyonyesha kwa ghafla kuliko sababu zote, na ndio hasa chanzo cha ile namna ya kwanza, ya kuachisha moja kwa moja. Imani kwamba maziwa ya mwenye mimba humharibu mtoto imeenea kutoka Katanga hadi pwani. Tanzania wanasema mtoto amebemendwa. Imani hiyo ilikuwa na kazi yake zamani, kwa kuwa iliwaweka wazazi mbali kwa miaka miwili au mitatu na kumpa kila mtoto nafasi yake. Mwanamke anayenyonyesha bila kuchanganya, ambaye hedhi haijarudi na mtoto hajafikisha miezi sita, ana uwezekano mdogo sana wa kushika mimba, chini ya 2 kwa 100. Anayeanza uji mwezi wa pili huipoteza kinga hiyo bila kujua, anabeba mimba mtoto akiwa na miezi saba, kisha anamwachisha siku aliyoigundua. Yaani kuacha kwa namna ya pili huzaa kuacha kwa namna ya kwanza.

Nafasi hiyo ndefu kati ya uzazi na uzazi haikuwapendeza waajiri wa wakati wa Wabelgiji. Kuanzia miaka ya 1920 Union Minière iliamua kuwaleta wake kambini ili wafanyakazi watulie na watoto wao waje kuwa wafanyakazi wa kesho. Madaktari na watawala wa wakati huo waliona kunyonyesha kwa miaka mitatu na kule kujitenga kwa wazazi kuwa kizuizi cha uzazi, wakahimiza chakula cha nyongeza na kuachisha mapema. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt aliieleza siasa hiyo kwa kirefu mwaka 1988. Basi anayesema kwamba kuachisha mapema ni ujinga wa wanawake wa mjini amesahau kwamba mjini humohumo, kizazi cha bibi zao, mambo hayo yalifundishwa na watu waliovaa makoti meupe.

Hospitali zilipotosha mara ya pili, safari hii kwa nia njema. Virusi vya UKIMWI hupita katika maziwa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanawake wengi walioambukizwa walishauriwa kuacha kunyonyesha mapema au wasianze. Lusaka, ng'ambo ya mpaka wa kusini, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwalinganisha walioachisha ghafla mwezi wa nne na walioendelea: walioachisha mapema hawakuokoa watoto zaidi. Botswana, iliyogawa maziwa ya kopo bure, ilipata mwaka 2006 mlipuko wa kuhara baada ya mvua kubwa, na waliokufa walikuwa hasa watoto wasionyonya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulibadilishwa mwaka 2010, na tangu 2016 mama mwenye virusi anayemeza dawa zake vizuri anashauriwa anyonyeshe kama wengine. Ushauri wa zamani hata hivyo haukufa siku mwongozo ulipobadilika. Bado unasikika kwa majirani.

Maziwa ya kopo yenyewe si sababu kubwa Likasi, kwa kuwa bei yake inamshinda mwenye mapato ya siku kwa siku. Anayeyanunua huyanyoosha: kijiko kimoja pale palipoandikwa vitatu. Biberoni, yaani chupa ya kunyonyeshea, huoshwa kwa maji ya kisima, na mji huu umewahi kupigwa na kipindupindu zaidi ya mara moja, kama mwanzoni mwa 2008.

Kuhusu dawa ya tatizo, Kongo imekwisha kujijaribia yenyewe. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Marcel Yotebieng waligawa kliniki za Kinshasa katika makundi. Katika kundi moja wafanyakazi wa afya walifundishwa hatua tisa kati ya zile kumi zinazojulikana duniani za kusaidia kunyonyesha: kumweka mtoto kifuani mara tu anapozaliwa, kuangalia anavyoshika ziwa, kutompa maji wala maziwa ya kopo wodini, na nyinginezo. Kundi jingine liliendelea na huduma za kawaida. Kufikia wiki ya 24, watoto wa huduma za kawaida waliokuwa bado wananyonya bila kuchanganya walikuwa 12 kwa 100. Wa kundi lililofundishwa walikuwa 36. Hakuna kilichonunuliwa cha ajabu, wala mashine. Tofauti ilitokana na mikono na maneno ya wakunga waliokuwa kazini siku zote.

Theluthi moja bado ni theluthi moja, na walio wengi waliachia njiani hata baada ya mafunzo hayo. Shirika la Afya Duniani linataka mama na mtoto waonwe ndani ya siku ya kwanza, tena kati ya siku ya pili na ya tatu, tena wiki ya pili, kisha wiki ya sita. Kituo cha afya cha Kikula au Panda kinachoweza kumtuma mtu nyumbani mwa mzazi siku ya tatu na wiki ya pili, akamkuta pamoja na bibi wa mtoto, kitazuia uji mwingi kuliko bango lolote la ukutani. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kudaiwa kwa maafisa wa afya wa kanda.